Vidole Viwili

Jumatano ni siku ya ngozi hapa Mpunguzi.
Saa tatu benchi limejaa, na jua
limekwisha kuingia bila kuandikisha jina,
limekaa sakafuni, linanikodolea macho.

Chuoni nilifundishwa kusema:
mafuta ya kukinga jua, namba thelathini kwenda juu,
jipake dakika ishirini kabla ya kutoka,
rudia kila baada ya saa mbili.
Nikaighani sentensi hiyo miaka mitatu
kama mtoto anayekariri jedwali la saba.
Watu wakaitikia, "Ndiyo, daktari,"
wakaenda zao,
wakarudi na vidonda vilevile.

Mzee Chilongola anacheka: "Mimi mweusi huu,
jua limenilea, litanifanya nini?"
Weusi ni mwavuli, namwambia, tena mzuri,
lakini mwavuli nao huvuja.
Namgeuza kidevu kuelekea dirishani.
Mdomo wa chini. Kidonda cha tangu masika.
Hapo anaacha kucheka, nami sifurahii kushinda.

Mbeleje kajifunika khanga hadi puani.
Mkorogo, miaka miwili. Mashavu
mekundu kama makorongo ya Kondoa.
Simuulizi nani alimdanganya.
Acha leo, namwambia,
umeezua paa, na jua linanyesha sebuleni.

Mjini, kwenye kikao, mwenzangu mmoja
alisimama akaisifu chupa ya elfu sitini.
Haina mafuta mengi, haiachi weupe usoni.
Kweli ni nzuri. Niliishika, nikainusa.
Kisha nikawaza anayepogoa zabibu
kwa elfu tano kutwa,
nikairudisha mezani taratibu
kama mtu aliyeshika yai la jirani.
Mimi naandika kofia kwanza,
kofia pana, si ile ya chama yenye ulimi mbele tu.
Halafu mikono mirefu. Halafu kivuli, kama kipo.
Mafuta yaje nyuma yao,
na yakija yasije kwa ubahili.

Ubahili ndio ninaougombeza.
Watu hupaka mafuta haya kama manukato,
tone shavuni, tone puani, basi.
Nawaonyesha: mstari kwenye kidole cha shahada,
mstari kwenye cha kati. Uso na shingo.
Usisahau masikio.
Masikio husahauliwa na wote ila jua.

Nyemo alikuja mara ya kwanza Mei,
miaka kumi na minne, mwenye ualbino,
shingo imebabuka, mama yake nyuma ya mlango.
Akasikiliza yote, kisha akauliza:
"Saa mbili ni ngapi shambani? Sina saa."
Jedwali langu la saba likakatika.
Tukahesabu pamoja, yeye, mama yake Yudesi na mimi,
mistari ya mizabibu, mwendo wa kisu, kikapu kujaa.
Nikaandika kwenye kadi kwa mwandiko wa kusomeka:
*Kila mistari minne, kaa kivulini, jipake.*
Katika maagizo yangu yote
hilo ndilo ningependa kulipigia mhuri mara mbili.

Leo Agosti, upepo unakwangua kila kitu,
Nyemo karudi. Shingo imepona.
Kaweka mrija wake mezani,
umepasuliwa kwa wembe toka kichwa hadi mkia
kama perege wa kukaushwa,
ndani pamekombwa hadi pamng'ao.
Nimekwisha kuona ripoti zenye rangi na michoro.
Hakuna iliyonieleza mengi kama mrija ule.

Nikafungua kabati, nikampa mwingine.
Hakuondoka. Aliitazama mikono yangu juu ya daftari,
migongo yake iliyokaangwa na safari za pikipiki,
Chipogolo, Mvumi, kurudi.
"Na wewe, daktari?"
Nikaanza kutafuta sababu. Nilikuwa nazo,
zilezile za kila Jumatano:
nasahau, yanateleza, mimi ni mweusi.

Akafungua mrija mpya, wake,
akakamua mstari mmoja, akakamua wa pili
kwenye vidole vyangu,
bila ubahili.

Nikajipaka mbele ya benchi zima.
Masikio pia, akanikumbusha.
Nikaita: "Anayefuata."